Bwana Maendeleo na Moshi wa Kilima Chetu

Mwanaume yule alikuwa anafunua vyungu vya watu. Naanza na hilo kwa sababu ukimuuliza mwanamke yeyote wa umri wangu huku Kibimba, hilo ndilo atakalokwambia kwanza, tena kwa hasira. Anapiga hodi vizuri, anasalimia vizuri, anaulizia watoto, halafu kabla hujamletea kigoda ameshaingia jikoni, ameinama, ameshika mfuniko. Jikoni kwa mwanamke! Kwetu hata mume wako hafunui chungu chako. Mama mkwe wangu aliishi kwangu mpaka nikamzika, na hakuwahi kugusa mfuniko bila kusema, "Mama Koleta, naomba nione." Huyu alikuwa mtu wa serikali, mgeni, mwanaume mzima, na anafunua.

Wako waliommwagia maji. Mmoja alimchapa usoni kwa mwiko uliokuwa bado na ugali. Akajifuta, akatazama vidole vyake, akasema, "Ahsante mama. Nimeona kuna ugali." Akaenda nyumba ya pili.

Jina alikuwa nalo kama watu wote, na sitaliandika. Wilayani walimwita afisa maendeleo ya jamii, lakini nani ana pumzi za kusema yote hayo wakati mtu anapita na pikipiki? Tulimwita Bwana Maendeleo. Kabila lake sikulijua vizuri na sikumuuliza. Miaka ile ya wakimbizi ukimuuliza mtu ametoka wapi, alidhani unataka kumfukuza.

Namwandika kwa sababu ya mjukuu wangu. Huyu mtoto yuko chuo huko Dodoma, anasomea mambo ya mipango, na hakuna aliyefika hapo katika ukoo wetu kabla yake, wanaume kwa wanawake. Alikuja likizo akaniuliza, "Bibi, zamani hali ya maisha hapa ilikuwa inapimwaje?" Nikacheka. Halafu nikaona sicheki tena. Nikamwambia kulikuwa na mtu. Nimeishia darasa la nne, lakini mkono wangu unasomeka, na mambo mengine ukiyasema kwa mdomo yanakutoa machozi mbele ya watoto.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo kama ya korongo. Alivaa koti la mvua la kijani hata wakati wa kiangazi, na mfukoni mwa koti alikuwa na mfuko wa kitambaa uliojaa maharage. Tulidhani ni chakula chake cha njiani. Kumbe ndicho kilikuwa kipimo.

Mara ya kwanza alitukusanya kwenye godauni la kahawa la chama cha ushirika. Mwaka ule mpaka ulikuwa umefurika. Kwanza walikuja Warundi, tukawapokea; wengine ni ndugu zetu, lugha tunasikilizana. Halafu wakaja wa Rwanda, na hao hukuweza kusema wamekuja watu, ungesema nchi imehama. Vilima vilibadilika rangi kwa maturubai ya bluu. Miti ikaisha. Kuni tulizokuwa tunaokota nyuma ya nyumba, sasa unatoka asubuhi unarudi jioni na kifungu cha aibu. Mto ulikuwa unashuka na watu ndani yake, na hilo sitalisema zaidi.

Basi akasimama mbele ya magunia. "Wale wanaolisha wakimbizi wanataka kujua na ninyi wenyeji mnaishije," alisema. "Sasa mimi sitaki kuwapima kwa kipimo cha mjini, bati, redio, sijui nini. Niambieni ninyi. Mtu anayeishi vizuri hapa kilimani, mnamjuaje?"

Tukanyamaza. Mzee Bartazari, ambaye kunyamaza kulikuwa kunamuumiza mbavu, akasema, "Ana tumbo."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Maendeleo hakucheka. Aliweka kibuyu kidogo chini, sakafuni. "Tumbo. Haya. Lingine?"

"Mbuzi wake wakilala, asubuhi wanaamka," akasema mwingine. Kila mtu akaguna, maana mwaka ule mbuzi wengi walilala zizini, asubuhi wameshaibwa. Akaweka kipande cha kamba.

"Migomba yake haijakatwa usiku." Akaweka jani.

Na mimi nikasema langu. "Jirani akifiwa, anatokea na kitu kichwani. Hatokei mikono mitupu." Akaweka ungo, akaniangalia kama mwalimu anayemwangalia mtoto aliyepata hesabu. Nilijisikia vizuri siku nzima, siwezi kuficha.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwa amesimama Skolastika. Ni jirani yangu, nyumba yake na yangu zinatenganishwa na mstari wa mibuni. Mgongoni alikuwa na binti yake mdogo, Anjela, aliyekuwa bado ananyonya, na mkononi amemshika mkubwa, Imelda. Skolastika ametoka kwa watu waliokuwa na ng'ombe, na alitembea hivyo, kichwa juu, hata akiwa amebeba samadi. Akasema neno moja tu. "Moshi."

"Moshi gani, mama?"

"Moshi wa jioni. Nyumba ikitoa moshi jioni, kuna watu ndani, wana kuni, wana maji, wana cha kuweka chunguni, na hawajagombana. Unataka kujua nini zaidi ya hapo?"

Godauni zima likasema eee. Bwana Maendeleo akaweka kipande cha mkaa. Kisha akatugawia maharage, kila mtu kiganja, twende tukayaweke mbele ya kile tunachoona kina uzito. Tulipomaliza, mkaa haukuonekana tena. Ulikuwa umefunikwa na maharage kabisa. Mbele ya tumbo kulikuwa na machache, na Mzee Bartazari alisikitika, akasema kilima hiki hakijui maisha.

Ndivyo moshi ulivyokuwa kipimo chetu. Hakutuletea yeye, tulikichagua wenyewe.

Na alikipenda, jamani. Alikuwa anakuja jua likianza kushuka, anaegesha pikipiki kwenye ukingo wa ng'ambo, kilima cha pili, pale penye mikaratusi michache iliyobaki, anasimama na koti lake. Anatazama. Anatutaja nyumba kwa nyumba, kama mtu anayeita watoto wake waje kula. Siku moja nilimkuta hapo nikirudi na kuni. Akaniambia, "Mama Koleta, hebu tua mzigo utazame. Kilima chenu kinapumua." Nikatazama. Ni kweli, kila paa lilikuwa na uzi wake wa moshi, unapanda, unajipinda, unaungana na wa jirani. Nilikuwa nimeishi pale tangu nilipoolewa na sikuwahi kukiona kilima changu hivyo. Nikamwambia, "Unapumua wewe uliyepanda pikipiki. Mimi hapa pumzi sina." Akacheka mpaka akashika magoti. Wakati ule alikuwa bado anacheka.

Alipeleka maharage yake mpaka kambini. Hili alinisimulia uani kwangu, anazungusha kofia mikononi. Wakubwa walitaka na wakimbizi waulizwe vilevile, maisha mazuri mnayajuaje. Akawakalisha, akaweka vitu vyake chini, kamba, jani, mkaa. Akasubiri. Mwisho bibi mmoja akasogea, akauchukua mfuko wote wa maharage mkononi mwake, akaumimina mahali pamoja pasipo na kitu. Mkalimani akamuuliza hapo ni nini. Bibi akasema, "Hapo ni mtu wa kunizika."

Wengine wote wakatikisa kichwa, wakakubali. Kisha mtoto mmoja akauliza kama yale maharage yatapikwa. Bwana Maendeleo akawaachia mfuko na kila kitu.

Ofisini wakamwambia hiyo si dalili ya maisha bora, hiyo ni habari ya msiba, aitoe. "Nikawaambia ndiyo waliyo nayo," aliniambia. Waliitoa. Alishona mfuko mwingine.

Mtu wa ajabu alikuwa. Alituhubiria usafi, kola yake mwenyewe ungeweza kupandia mchicha. Aliogopa ng'ombe, mwanaume mrefu vile, akiona ndama anahama njia. Kanisani aliimba kwa nguvu kuliko kwaya, tena nje ya wimbo kabisa, na padri alikuwa anamtazama kwa huruma. Alipenda ukweli mpaka unakera, ukimwambia "tuko salama tu," anakwambia, "Hiyo ni salamu, sasa nipe habari." Lakini kila mtoto mchanga aliyeonyeshwa, hata yule aliyekonda kama mjusi, alisema, "Huyu atakuwa mbunge." Nikamuuliza siku moja mbona hapo hasemi ukweli. Akasema, "Hapo, Mama Koleta, sipimi. Hapo naomba."

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Mwaka uliofuata mvua ilikuja vibaya. Migomba iliyokuwa imesalia ilivunwa na watu wasioipanda. Mihogo iling'olewa ikiwa bado midogo kama vidole. Mume wa Skolastika alikuwa anafanya biashara ndogo za mpakani, anapakia baiskeli, anakwenda Kabanga, anarudi na sabuni na chumvi. Siku moja hakurudi. Baiskeli ilipatikana karibu na barabara. Yeye hapana. Skolastika hakukaa matanga, maana utakaaje matanga bila mtu? Wala hakuacha kungoja. Alifagia uwanja wake kila asubuhi, alifunga kitambaa chake kichwani vizuri, akatusalimia kwa sauti ileile.

Ndipo likaja neno kwamba nyumba za wenyeji zilizozidiwa zitapewa unga, kutoka kwenye unga ule wa wakimbizi. Si zote, zilizozidiwa tu. Na nani atajua nyumba ipi imezidiwa? Bwana Maendeleo, kwa dalili zetu wenyewe. Akarudi kwenye ukingo wake jioni baada ya jioni. Nyumba ambazo hazikutoa moshi alizifuata, akaziuliza, akaziandikisha. Nyumba zilizotoa moshi aliziacha.

Nyumba ya Skolastika ilitoa moshi. Mzito, mweupe, unaopanda juu kuliko wa mwenyekiti. Bwana Maendeleo mwenyewe alikuwa anausifia. "Yule mama," alimwambia mwenyekiti, "hana mume na bado nyumba yake inasimama. Wanawake wa hapa ni chuma."

Siku ya kusomwa majina, palepale godaunini, Skolastika alikuwepo na watoto wake wawili. Haya nimeambiwa, mimi nilikuwa Kaniha, Biharamulo, kwa binti yangu aliyekuwa amejifungua mapacha, wazuri kupita kiasi. Mwenyekiti alimaliza kusoma, akamtazama. "Skolastika, na wewe vipi? Tukuongeze?" Akajibu mbele ya watu wote, "Mimi? Wape wenye shida." Akawapigia makofi waliopewa. Watu wakamsifu.

Niliporudi, habari nilizikuta stendi ya Ngara. Mwanamke wa kwetu aliyekuwa anauza ndizi aliniona nikishuka, akaweka ndizi chini. "Mama Koleta, pitiliza kwa jirani yako. Anjela amefariki."

"Kaugua nini?"

"Wanasema homa."

Nilifika watu wameshakaa. Wanawake wanne tukaingia jikoni kwa Skolastika tuwapikie waombolezaji, ndiyo kazi yetu, mfiwa hapiki. Mimi nikainua chungu kikubwa. Kilikuwa chepesi, kikavu mpaka ndani, na buibui alikuwa ametanda humo utando wake, mzima, haujakatika hata uzi mmoja.

Nikachungulia mafiga. Majivu ya kuni mwanamke anayajua, yana uzito, yana vipande. Yale yalikuwa mepesi, ya kijivu, ukipumua yanaruka. Yalikuwa ya nyasi na majani makavu ya migomba. Pembeni kulikuwa na rundo lingine la majani limewekwa tayari, limeloweshwa maji. Ukitaka moshi mwingi bila moto wa kupika, unalowesha majani.

Mmoja wetu alitoa kitenge chake akafuta chungu kile, taratibu, kama anafuta uso wa mtu. Tukaenda kuleta vyungu vya kwetu na vyakula vya kwetu kwa njia ya nyuma. Waombolezaji wakala, na Skolastika akabaki na heshima yake.

Bwana Maendeleo alifika mchana, hajui kitu. Aliwapa pole, akaja nyuma kuniuliza, "Mama Koleta, mtoto aliugua nini?"

Nilimshika mkono wa koti nikamwingiza jikoni. Nilimwonyesha majivu. Nilimwonyesha rundo la majani yaliyoloweshwa. Sikumwambia neno, na sijutii. Mtu aliyetaka ukweli maisha yake yote, huo hapo. Aliinama akachota majivu kwa kiganja. Yalimtoka vidoleni.

"Niliuona," alisema.

"Uliona nini?"

"Moshi. Kila jioni niliuona. Nilikuwa nausifia." Akatazama juu darini, ambako masizi yalikuwa mapya, meusi, yananing'inia. "Mama Koleta, mbona hakusema?"

"Kwani wewe ulimuuliza?"

Kuanzia hapo ndipo alipoanza kufunua vyungu. Sasa unaelewa. Hakutazama tena paa la mtu, hakutaka kuambiwa, alitaka mfuniko auinue mwenyewe aone kilicho chini yake. Wanawake wakamshtaki kwa mwenyekiti, mwenyekiti akamshtaki wilayani, na wilayani wakamhamishia Biharamulo, ambako nasikia alifunua vya huko pia.

Lakini kulikuwa na jambo lililobaki, na hilo ndilo lililomla. Wilayani nyumba ile ilikuwa imeandikwa ina nafuu. Kilima chote kilikuwa kimeandikwa kina nafuu, kwa moshi wake mzuri. Mtoto ameandikwa homa. Bwana Maendeleo alikwenda kwa wakubwa kuwaambia nimekosea, kilima kile kina njaa, ongezeni unga. Wakamwambia, "Wewe ndiye uliyesema wana nafuu. Sasa useme hawana, tukuamini lipi? Mlete huyo mama aseme mwenyewe."

Akaenda kwa Skolastika. Nilikuwepo, alinitaka nimsindikize. Skolastika alimpa kigoda uwanjani, akampa maji ya kunywa katika kikombe safi.

"Mama, waambie tu. Nitakupeleka na kukurudisha."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba hapakuwa na chakula."

"Wapi?"

"Hapa."

"Nyumbani kwangu?" Aliuliza kwa upole kabisa. "Bwana Maendeleo, nyumbani kwangu hapakuwa na njaa. Mtoto alikuwa na homa. Kunywa maji, jua linakuwa kali, uende."

"Skolastika," nikasema, "si kwa ajili yako tu. Ni kilima kizima."

Akanigeukia. "Kilima kizima kina midomo. Kiseme."

Tulisema, wakubwa hawakutusikia. Unga haukuongezwa. Tulihangaika mpaka mvua, na wengine hawakuiona mvua.

Bwana Maendeleo akaendelea kuja. Alishahamishwa, hana kazi tena kwetu, lakini kila msimu wa kuchuma kahawa utamwona anapanda kilima kutoka barabarani. Siku zote asubuhi. Jioni hakutaka kukutwa huku. Alikuwa haangalii juu ya mapaa tena, kwenye harusi wakianza kupika anakwenda kusimama mbali, na vijana walimtania, "Bwana Maendeleo anakimbia moshi kama nyuki." Siku moja nikiwa naye njiani alisimama ghafla, akanyoosha kidole ng'ambo. "Pale kuna nyumba?"

"Wapi?"

"Pale panapofuka."

Nikatazama. Hapakuwa na kitu, pori tu na mawe. "Hakuna nyumba pale. Hata zamani haikuwepo."

"Sawa," akasema. "Sawa." Akaendelea kutembea, lakini alikuwa anageuka.

Kila alipokuja alikwenda kwa Skolastika. Kila alipokwenda alipewa kigoda, maji, na jibu lilelile. Skolastika hakumfukuza kamwe, hakumtukana. Ningekuwa yeye ningemfukuza, au ningemwambia anachotaka aende zake. Nilimwambia hivyo siku moja tukichuma kahawa. Akasema, "Anataka nimpe njaa yangu aende nayo. Sina cha kumpa." Sikumuuliza tena. Wakimbizi wakarudishwa kwao, maturubai yakatoweka, mikaratusi ikaota upya mpaka ikaziba ule ukingo. Unga wenyewe ulishasahaulika, ofisi zile hazipo, hata wakubwa wale walishakufa baadhi yao. Hapakuwa na mtu wa kupelekewa neno lile tena. Na Bwana Maendeleo bado anakuja kulitafuta.

Nikamuuliza, "Sasa ukilipata utalipeleka wapi?"

"Sitalipeleka popote," akasema. "Nataka tu nisiwe nalijua peke yangu."

"Na mimi si nalijua?"

"Wewe uliona majivu, Mama Koleta. Mimi pia niliona majivu. Aliyekuwepo ni yeye."

Mara ya mwisho alikuja akiwa ameshastaafu miaka mingi. Alishuka kwenye gari la Biharamulo na fimbo, koti limekuwa kubwa kuliko mtu. Alifika kwangu akakaa kwanza, pumzi hazitoshi. Nikampa uji. Nikamwambia leo usiende, pumzika hapa nimwite Skolastika aje. Akakataa. Tukaenda polepole, tukipita katikati ya mibuni, tukisimama.

Skolastika alikuwa kibarazani kwake, nyumba mpya aliyojengewa na Imelda, anamenya mihogo. Amezeeka, lakini kitambaa kichwani kimefungwa vilevile. Akatuonyesha vigoda kwa kisu.

"Karibuni. Bwana Maendeleo, umekonda."

"Nimezeeka, mama."

"Hilo sote."

Nikangoja aulize swali lake. Hakuuliza. Alikaa ameshika fimbo kwa mikono miwili, anatazama mihogo inavyoanguka kwenye beseni. Kuku wakaja, wakaondoka. Mwisho akasema, "Sikuja kuuliza leo. Nimekuja kukaa tu."

Skolastika akaendelea kumenya. Alimaliza muhogo ule, akachukua mwingine, akautazama, na bila kuinua kichwa akasema, "Aliomba."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Siku za mwanzo aliomba," akasema. "Mama nipe, mama nipe. Imelda alikuwa mkubwa, alielewa, alikwenda kuokota huko na huko. Huyu mdogo akawa anaomba kwa sauti, na nyumba hizi zimekaribiana. Nikawa namziba mdomo, hivi." Akaonyesha, kiganja chenye kisu, hewani. "Halafu akaacha. Nikaamka asubuhi haombi, mchana haombi. Ametulia tu ananitazama. Nikapiga magoti. Nikasema, Mungu ahsante, mtoto ametulia, sasa majirani hawatasikia."

Hakulia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni.

Bwana Maendeleo hakusogea. Akasema, "Ahsante, mama."

"Usinishukuru," alisema Skolastika. "Nyumba hii ilishashukuru."

Kisha akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, akamshika mzee yule kiwiko. Alimsindikiza mpaka barabarani kama anavyosindikizwa mgeni yeyote, akasimama naye pale mpaka gari lilipokuja.